Profesa wa Nyota na Binti wa Nyakabiga

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia mambo ya jikoni, malezi ya watoto wachanga, na namna ya kuzifikisha faranga chache hadi mwisho wa mwezi. Safari hii tumeletewa swali la aina nyingine. Bibi mmoja wa Nyakabiga ametuandikia kwamba binti yake, aliyemaliza masomo ya sekondari upande wa sayansi, amekataa katakata kusomea uuguzi. Anataka kusomea nyota. Baba mtu ameghadhibika, akasema hakulipa karo miaka yote hiyo ili mtoto aje kuhesabu nyota kama mlevi aliyefungiwa nje. Bibi mwenyewe hana hasira, ila ana maswali matatu. Profesa wa nyota hufanya kazi gani hasa? Yuko mahali ambapo mtoto wa Nyakabiga anaweza kumfikia? Na je, ni kazi impasayo mwanamke?

Tuanze na jina la kazi yenyewe, maana hapo ndipo wazazi wengi hujikwaa. Neno mnajimu katika lugha yetu limebebeshwa mizigo miwili. Yuko mnajimu atazamaye nyota ili akuambie siku njema ya kuoa au ya kusafiri, na yuko mtaalamu wa falaki apimaye mwendo wa mwezi na jua ili tupate kalenda. Binti yako, Bibi, hataki kuwa yule wa kwanza, wala si hasa huyu wa pili. Akitakacho huitwa astrofizikia, yaani fizikia ya nyota: kuuliza nyota imeumbwa kwa kitu gani, moto wake hutoka wapi, ina umri gani na itakufaje. Ni fizikia ile ile aliyoisoma katika liseo, ya joto, nuru na uzito, ila hapa mtu hawezi kukigusa kitu anachokichunguza. Yote anayoyajua ameyapata katika nuru iliyomfikia. Nuru ya jua hutufikia baada ya dakika 8. Nuru ya galaksi ya Andromeda, jirani yetu mkubwa, hutumia miaka ipatayo milioni 2.5, kwa hiyo anayeitazama leo anaiona jinsi ilivyokuwa zamani hizo, kabla ya ukoo wa mtu yeyote kuanza.

Sasa tuje kwa mtu. Badala ya kuzungumza hewani, nitamweleza mwalimu mmoja aliyefanya kazi hii katika Afrika yetu ya Mashariki, nanyi mtapima wenyewe. Jina lake ni Mirjana Pović. Ni mwanamke aliyezaliwa Serbia, akapata masomo yake ya kwanza ya chuo kikuu mjini Belgrade, kisha akaenda Visiwa vya Kanari vilivyo chini ya Uhispania, ambako alipata udaktari mwaka 2010. Baadaye alifanya utafiti Granada, huko huko Uhispania. Mtu mwenye sifa hizo angeweza kubaki Ulaya, penye darubini kubwa na mishahara mizuri. Mwaka 2016 alihamia Addis Ababa, Ethiopia, kufundisha na kusimamia utafiti katika taasisi mpya ya sayansi ya anga. Juu ya mlima Entoto, ulio kando ya mji huo, kwenye kimo cha mita zipatazo 3,200, Waethiopia wamejenga kituo chenye darubini mbili, kila moja ikiwa na kioo cha upana wa mita 1. Si mahali pasipo dosari. Taa za mji hufifisha nyota, na miezi ya mvua mawingu hufunika kila kitu. Lakini wanafunzi wapo.

Je, mwalimu huyo huchunguza nini? Mtaniwia radhi nikitumia mfano wa sokoni. Mama anayeuza ndagala hupokea rundo moja lililochanganyika. Akae achambue: hizi kubwa, hizi ndogo, hizi zimevunjika, hii si ndagala bali ni kitoto cha mukeke. Mchana kazi hiyo ni rahisi. Jioni, katika nuru hafifu, hata mzoefu hukosea. Basi galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota mabilioni kwa mabilioni kama hili letu liitwalo Njia Nyeupe, nazo zina maumbo. Nyingine zimejikunja mikono kama maji yanayozunguka katika beseni, nyingine ni duara tupu kama yai. Zilizo mbali sana huonekana katika picha kama vumbi tu la nuru, na kuzichambua ni kama kuchambua ndagala gizani. Katika makala iliyotolewa mwaka 2013, Pović na wenzake walichambua kwa msaada wa kompyuta galaksi 22,051, picha zake zikiwa zimepigwa na darubini iliyoko Uhispania, wakazigawa katika matapo mawili makubwa. Mtu atauliza, faida yake nini? Faida ni kwamba umbo la galaksi hueleza historia yake, kama vile mama mwenye kujua samaki anavyoweza kumtazama samaki na kukwambia alivuliwa lini.

Shabaha yake nyingine ni galaksi zenye kiini hai. Katikati ya galaksi kubwa karibu zote kuna shimo jeusi, kitu chenye uzito mkubwa mno katika nafasi ndogo, hata nuru haiwezi kutoka humo. Lile lililo katikati ya Njia Nyeupe lina uzito wa jua letu mara milioni 4 hivi, na mwanamke mmoja, Andrea Ghez wa Marekani, alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2020 kwa kulithibitisha. (Hili, Bibi, liwe mwanzo wa jibu la swali lako la tatu.) Shimo lenyewe halitoi nuru, lakini gesi na vumbi vinavyolizunguka kabla ya kumezwa hupata joto la kutisha na kung'aa kupita nyota zote za galaksi hiyo. Kiini cha namna hiyo ndicho kiitwacho hai. Swali ambalo mabingwa wamekuwa wakibishana juu yake ni hili: kiini hicho kikali huziua nyota zisizaliwe, kwa kuipeperusha gesi ambayo zingeumbwa kwayo, au huzisaidia kuzaliwa?

Hapa ndipo nilipotaka tufike, kwa sababu jibu moja la swali hilo lilipita kwa jirani yetu. Mwaka 2017 jarida la Chama cha Kifalme cha Falaki cha Uingereza, lililo miongoni mwa majarida makongwe na yenye heshima katika taaluma hii, lilitoa makala juu ya galaksi za "bonde la kijani". Hizo ni galaksi za umri wa kati: si changa zenye kuzaa nyota kwa wingi, wala si zile zilizokwisha kukoma kuzaa. Walioandika waligundua kwamba katika kundi hilo, zile zenye kiini hai na zinazong'aa kwa mionzi ya joto zilikuwa zikizaa nyota kwa kasi kuliko zenzake zisizo na kiini hai. Yaani kwa hizo kiini hakikuonekana kuua, na yamkini kilikuwa kikisaidia. Majina yaliyo chini ya kichwa cha makala ni matatu. La kwanza ni Antoine Mahoro, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Rwanda. La pili ni Mirjana Pović. La tatu ni Pheneas Nkundabakura, mwalimu wa chuo kikuu hicho hicho.

Naomba tusiupite haraka mpangilio huo wa majina. Katika taaluma hii jina linalotangulia aghalabu ni la yule aliyebeba mzigo mkubwa wa kazi. Hapa mwanafunzi ametangulia, na walimu wake wawili wamesimama nyuma yake. Profesa wa Addis Ababa hakumwambia kijana wa Rwanda asubiri hadi apate nafasi Ulaya. Alimsimamia huku huku, akishirikiana na mwalimu wake wa nyumbani, na kijana akaendelea na masomo ya juu Afrika Kusini. Mimi niliyepata cheti cha ualimu kabla ya kuingia utumishi wa serikali najua jambo hili lina uzito gani. Mwanafunzi hapungukiwi vitabu peke yake. Anapungukiwa mtu wa kumsomea rasimu yake, wa kumwekea kidole kwenye mstari wa nne na kumwuliza: namba hii umeipataje? Mtu huyo akikosekana, mtoto mwenye akili huishia kuwa msifiwa wa mtaa.

Mambo hayakuwa hivyo siku zote. Mwaka 1967, huko Cambridge, msichana wa Ireland ya Kaskazini aitwaye Jocelyn Bell, akiwa mwanafunzi wa udaktari, aliona alama ndogo isiyoeleweka katika mita nyingi za karatasi ya mashine. Hakuidharau. Alama hiyo ikawa nyota za aina mpya kabisa, zinazojizungusha kwa kasi na kutoa mapigo ya redio kama mshipa wa moyo. Mwaka 1974 Tuzo ya Nobel ya fizikia ikatolewa kwa kazi hiyo, akapewa msimamizi wake, pamoja na profesa mwingine kwa kazi yake nyingine. Mwanafunzi hakupewa. Wengi walinung'unika kwa niaba yake, na mimi ni mmoja wa wanaonung'unika hadi leo. Mwaka 2018, akiwa amekwisha kuwa profesa mwenye mvi, alipewa tuzo nyingine ya dola milioni 3 za Marekani. Fedha zote alizitoa ziwe misaada ya masomo kwa wanafunzi wa fizikia kutoka makundi ambayo hayajapata nafasi ya kutosha katika sayansi hiyo. Chama cha Falaki cha Ulaya kina nishani yenye jina la mama huyu, kwa ajili ya wanaowatia wengine moyo, na mwaka 2021 nishani hiyo alitunukiwa Mirjana Pović. Miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa amepata pia tuzo ya jarida la Nature iliyokusudiwa wanawake wanasayansi. Nadhani Bibi ameshapata jibu kamili la swali lake la tatu.

Baba mtu atasema: haya yote ni mambo ya Wazungu. Nampa jambo moja la kutafakari. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa inaadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza mbingu kwa mionzi ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa lililosimikwa baharini karibu na Malindi. Wakaiita Uhuru, kwa Kiswahili chetu. Iliorodhesha vyanzo 339 vya mionzi hiyo, na miongoni mwake zimo galaksi zenye kiini hai, zile zile tulizozitaja. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Nobel mwaka 2002. Lakini jukwaa lilikuwa la Waitaliano, setilaiti ya Wamarekani, na chetu kilikuwa bahari na jina. Basi baba akisema ni mambo ya Wazungu, historia iko upande wake. Ila historia hiyo ndiyo sababu ya kumruhusu binti asome. Sioni ni vipi inaweza kuwa sababu ya kumzuia.

Tuje kwenye swali la pili, la umbali, maana ndilo litakaloamua mambo nyumbani. Hapa kwetu Burundi hatuna kituo chenye darubini kubwa. Tuna kitu kingine. Binti wa Nyakabiga hatahitaji nauli kwa hatua ya kwanza: chuo kikuu cha taifa kilianza mwaka 1964, na kampasi yake ya Mutanga iko ubavuni mwa mtaa wetu, hata vyumba vingi vya Nyakabiga vimepangwa na wanafunzi wake. Asome hapo fizikia na hisabati, wala asitafute shahada iitwayo "nyota". Hakuna profesa wa Addis au wa Mbarara atakayemkataa kwa kukosa somo la nyota katika miaka ya kwanza. Atamkataa kwa kukosa hisabati. Ajifunze pia kuiamuru kompyuta kwa lugha zake. Siku hizi mtafiti wa galaksi hukaa mbele ya kompyuta siku nyingi kuliko nyuma ya darubini, na picha nyingi zilizopigwa na darubini kubwa za dunia hutolewa bure kwa atakayezitaka. Hili, kwa nchi kama yetu, ni neema kubwa.

Hatua ya pili ndiyo ya safari. Mbarara, magharibi mwa Uganda, kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichoanzishwa mwaka 1989, ambako Edward Jurua amewasimamia wanafunzi wa shahada za juu wakichunguza nyota zinazotetemeka, kwa ushirikiano na wataalamu wa Ubelgiji na India. Pović naye amefika kufundisha huko. Rwanda tumekwisha kuitaja. Tanzania, katika Chuo Kikuu Huria, Noorali Jiwaji amejulikana kwa kuwaeleza wananchi mambo ya anga. Jua lilipopatwa kama pete tarehe 1 Septemba 2016, na watu kukusanyika Rujewa mkoani Mbeya kulitazama, yeye alikuwa miongoni mwa waliowaandaa kwa maelezo. Afrika Kusini kuna mitambo mikubwa ya redio iitwayo MeerKAT, sahani 64, iliyozinduliwa mwaka 2018, na nchi nane za Afrika, Kenya ikiwamo, zimeunganishwa nayo kwa mpango wa pamoja. Burundi haimo katika nane hizo. Nataja jambo hilo bila kulalamika, ili wakubwa wanaosoma ukurasa huu walione.

Kikwazo kikubwa ninachokiona ni lugha, na kinazidi fedha. Watoto wetu husoma sayansi kwa Kifaransa, na walimu niliowataja hufundisha kwa Kiingereza. Tangu mwaka 2007 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini kuingia jumuiya si kuingia darasani. Binti aanze Kiingereza sasa, si siku atakapopata nafasi.

Kuhusu ajira, sitamdanganya baba mtu. Uuguzi una mshahara unaojulikana, na muuguzi ni mtu wa heshima. Wanaosoma nyota hawaajiriwi wote kusoma nyota. Wengine hufundisha fizikia, na shule zetu zinawahitaji. Wengine huenda kwenye takwimu, mabenki na simu. Ethiopia ilirusha setilaiti yake ya kwanza mwezi Desemba 2019, ya kupiga picha za ardhi, kilimo na hali ya mazingira, na ustadi wa kuchambua picha ya galaksi hafifu hauko mbali na ule wa kuchambua picha ya shamba au ya mto unaokula kingo zake. Anayekaa Nyakabiga na kuona jinsi Ntahangwa inavyomega ardhi kila masika hahitaji kuelezwa zaidi. Ushauri wangu ni kwamba binti ajiandikishe fizikia, na baba ampe miaka miwili. Akishindwa hisabati, uuguzi utakuwapo bado.

Katika miaka hiyo miwili, kama anataka kujua iwapo maprofesa hawa hufikika kweli, asisubiri shahada. Awaandikie. Barua pepe iwe fupi, isizidi nusu ukurasa, kwa Kiingereza kilichosahihishwa na mwalimu wake. Aseme ni nani, anasoma nini na wapi. Ataje makala moja ya mwalimu huyo aliyojaribu kuisoma, na mahali aliposhindwa kuelewa, kwa kuwa profesa mzuri hufurahia swali kuliko sifa. Aulize swali moja tu. Asiombe fedha katika barua ya kwanza, wala asiipeleke barua hiyo hiyo kwa watu ishirini kwa mpigo, maana hujulikana. Yakipita majuma matatu bila jibu, aandike tena kwa adabu ile ile. Na kabla ya kuituma, amsomee baba yake kwanza, amfasirie kila mstari.